Kioo cha kale si pambo tu, ni kumbukumbu ya nyumba

HUENDA katika sebule fulani mjini Malava, Kaunti ya Kakamega, pananing'inia kioo cha kujitazamia alichokiacha babu, chenye fremu ya mbao ya nakshi na madoa meusi pembezoni. Mwenyewe hushawishika kumwita fundi akipake upya. Ni vyema asiharakishe.

Kabla ya umeme, kioo kilielekezwa dirishani au kwenye taa ili kieneze nuru chumbani. Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa aliitumia sifa hiyo katika kasri la Versailles, ambako ukumbi wenye vioo 357 ulikamilika mwaka 1684.

Afrika Mashariki nayo ina ushahidi wake. Salme, bintiye Sultani Said wa Zanzibar, ambaye baadaye aliitwa Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu zake mwaka 1886. Humo anaeleza jinsi kuta za vyumba vya matajiri zilivyokuwa na vidaka vya kupangia vyombo vya kauri na bilauri. Baina ya vidaka hivyo palisimamishwa vioo vilivyofika darini, vilivyoagizwa Ulaya kwa kipimo cha ukuta. Kwa kuwa picha za viumbe hazikutundikwa, kioo ndicho kilichoupamba ukuta.

Madoa nayo yana maelezo. Kwa karne kadhaa, migongo ya vioo ilipakwa mchanganyiko wa zebaki na madini ya bati. Mwaka 1835 mwanakemia Mjerumani Justus von Liebig alivumbua njia ya kutumia fedha, ambayo ilichukua nafasi ya ile ya awali polepole. Unyevu ukipenya, utando huo huharibika na kuacha doa. Kuukwangua nyumbani ni hatari, kwani zebaki ni sumu. Isitoshe, hufuta dalili ya umri wa kioo.

Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006 hukihesabu kuwa cha kale kifaa kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895, na hakiruhusiwi kupelekwa ng'ambo bila kibali. Vioo vingi vya magharibi huenda vililetwa baada ya reli kufika Kisumu mwaka 1901, hivyo havimo katika kundi hilo. Hata hivyo, ni kumbukumbu ya familia. Kipanguse kwa kitambaa kikavu, kiepushe na ukuta wenye unyevu, na utafute ushauri wa wataalamu wa makavazi kabla ya kukiuza.