Je, Wajua? Mwinyi wa Monte Cristo katika Mwaka 5053

Je, wajua kwamba Gankutsuou, anime iliyompa Mwinyi wa Monte Cristo ngozi ya buluu na masikio yaliyochongoka, haikukusudiwa kuwa hadithi yake? Mwongozaji Mahiro Maeda aliitaka riwaya ya Mmarekani Alfred Bester, The Stars My Destination, ya mwaka 1956. Haki za kitabu hicho hazikupatikana. Kwa kuwa Bester naye alikichota kisa chake kwa Alexandre Dumas, Maeda akaamua kumfuata mwenye asili. Dumas alifariki mwaka 1870, kwa hiyo hapakuwa na wa kuombwa ruhusa.

Studio ya Gonzo iliitoa kwa sehemu 24, kuanzia Oktoba 2004 hadi Machi 2005.

Riwaya yenyewe ya Dumas, Le Comte de Monte-Cristo, ilitoka kwa vipande pia. Gazeti la Journal des Débats la Paris lilianza kuichapa Agosti 1844 na kuimaliza Januari 1846, sura 117 kwa jumla. Wanaolalamika leo kusubiri sehemu mpya kwa wiki nzima wawaonee huruma wasomaji hao.

Kwa asiyekijua kisa: Edmond Dantès, baharia wa miaka 19 kutoka Marseille, anasingiziwa na watu anaowadhania marafiki, anakamatwa akiwa kwenye karamu ya uchumba wake, na anafungwa miaka 14 katika ngome ya Château d'If. Anatoroka, anachimbua hazina, anajipa jina jipya na kurudi kuwamaliza wabaya wake mmoja baada ya mwingine.

Je, wajua kwamba anime hii inaanzia karibu theluthi moja ndani ya kitabu? Dumas anatuonyesha kwanza dhuluma, kisha gereza, kisha hazina. Mwinyi anapokutana na vijana Albert na Franz kwenye sherehe za kanivali mjini Roma, sisi tumeshafika sura ya 36 na tunamjua hadi mifupa yake. Maeda anazitupa sura zote hizo nyuma ya pazia. Kanivali ya Roma inakuwa kanivali ya Mwezini, mwaka 5053, na yote tunayaona kwa macho ya Albert, kijana wa miaka 15 aliyechoshwa na raha, mtoto wa mmoja wa wale waliomfunga Dantès. Hajui lolote. Anampenda tu huyu tajiri mgeni.

Kwa maoni yangu, uamuzi huo peke yake unaipa anime hii haki ya kuwepo. Ukisoma kitabu unamshangilia mlipa kisasi kwa sababu ulikaa naye shimoni. Ukitazama anime unaketi mezani kwa anayelipiziwa, tena kwa mtoto wake ambaye hakumkosea mtu, na kila zawadi ya mgeni inakutia wasiwasi. Filamu nyingi zilizotokana na riwaya hii zinafuata mpangilio wa Dumas kwa utiifu na bado hazimfikishi mtazamaji kwenye swali ambalo Dumas mwenyewe alilifikia mwishoni: nani alimpa Dantès mamlaka ya kuwaadhibu wasiohusika?

Sehemu ya kwanza tu inatosha kukuonjesha. Watu watatu wanangoja kuuawa hadharani. Mwinyi ana barua ya msamaha ya kumwokoa mmoja, na anawanyooshea vijana karata wachague nani aishi. Franz anachukizwa. Albert anachukua karata.

Je, wajua kwa nini nguo za Gankutsuou zinaumiza macho dakika tano za mwanzo? Wachoraji hawakupaka nguo na nywele rangi za kawaida. Walijaza michoro kwa mapambo ya kompyuta, na mapambo hayo hayasogei mtu anaposogea. Albert anageuka, koti lake linageuka, lakini maua ya koti yamebaki palepale kwenye skrini. Tandaza khanga ukutani, kata umbo la mtu kwenye boksi, kisha lipitishe boksi hilo mbele ya khanga: ndivyo inavyoonekana. Subira inahitajika. Macho yakishazoea, katuni nyingine zinaanza kuonekana zimepauka.

Mbunifu wa mitindo Anna Sui alishiriki kubuni mavazi. Inaonekana.

Je, wajua kwamba nyimbo za kufungulia na kufungia ni za Jean-Jacques Burnel, mpiga gitaa la besi wa The Stranglers, bendi ya Uingereza iliyovuma enzi za panki? Burnel alizaliwa London kwa wazazi Wafaransa, na ni mwanakarate hasa. Mfaransa wa London anayepiga karate, akiimbia hadithi ya Paris iliyochorwa Japani: mtu huyo ni vigumu kumtafuta, wao wakampata. Na mwanzoni mwa kila sehemu, hata katika toleo la Kijapani, msimulizi anazungumza Kifaransa.

Mashabiki wa anime watazitambua sauti. Jōji Nakata, anayemtamkia Mwinyi, ndiye Alucard wa Hellsing. Jun Fukuyama, sauti ya Albert, baadaye akawa Lelouch wa Code Geass, yaani alihama kutoka anayelipiziwa kisasi kwenda mlipa kisasi.

Jina Gankutsuou, Mfalme wa Pangoni, Wajapani wameishi nalo zaidi ya karne moja. Kuroiwa Ruikō aliipa riwaya hiyo jina hilo alipoichapa kwa Kijapani katika gazeti lake la Yorozu Chōhō kuanzia mwaka 1901. Maeda akalichukua jina kwa maana yake ya moja kwa moja: katika anime, Mfalme wa Pangoni ni pepo aliyekuwa gerezani kabla ya Dantès, na Dantès anapatana naye.

Je, wajua kwamba babu wa hadithi hii yote ni mfungwa wa kweli? Baba yake Dumas, Thomas-Alexandre, alizaliwa mwaka 1762 huko Saint-Domingue, Haiti ya leo. Mama yake, Marie-Cessette, alikuwa mtumwa mwenye asili ya Afrika. Baba yake alikuwa mwinyi wa Kifaransa ambaye alimweka mwanawe rehani ili apate nauli ya kurudi kwao, kisha akamkomboa na kumwita Ufaransa mwaka 1776. Kijana huyo alipanda hadi cheo cha jenerali, akapigana Misri chini ya Napoleon. Mwaka 1799, akirudi nyumbani, meli yake mbovu ilibidi itie nanga Taranto, kusini mwa Italia, na utawala wa Naples ukamtia ndani kwa miaka miwili. Alitoka afya imeharibika, Napoleon hamtaki, akafa mwaka 1806 mwanawe akiwa na miaka mitatu. Mwanawe huyo alipokua akaandika juu ya mtu asiye na kosa anayeoza gerezani Mediterania huku wakubwa wakimsahau. Tom Reiss ameyaeleza maisha ya jenerali huyu katika The Black Count, kitabu kilichopata tuzo ya Pulitzer mwaka 2013.

Ndiyo maana linakwaza zaidi jambo hili: mtumishi wa Mwinyi, Ali, ni Mnubi asiye na ulimi. Katika riwaya Mwinyi anasimulia bila haya kwamba Bey wa Tunis aliamuru Ali akatwe ulimi siku ya kwanza, mkono siku ya pili, kichwa siku ya tatu. Naye, kwa kuwa alitamani bubu, akasubiri ulimi ukatwe ndipo akaenda kumnunua. Aliyeyaandika hayo ni mjukuu wa Marie-Cessette.

Padri Faria, mfungwa mzee anayemfundisha Dantès lugha na hesabu, naye alikuwa na jina la mtu halisi. José Custódio de Faria alikuwa padri wa Goa, aliyezaliwa Candolim mwaka 1756 na kufariki Paris mwaka 1819, mmoja wa waanzilishi wa elimu ya kumlaza mtu kwa maneno. Dumas alimgeuza Mwitaliano. Wagoa, ambao kwao ndiko pia kwa familia nyingi za Zanzibar na Nairobi, walimsimamishia sanamu Panaji.

Je, wajua kwamba katika riwaya hii habari feki zinaangusha soko la hisa kabla ya simu kuwepo? Mwinyi anamhonga mtunza mnara wa telegrafu ya mikono, mzee anayependa bustani yake kuliko kazi, faranga 25,000 apitishe ishara za uongo kuhusu Hispania. Danglars, mfanyabiashara wa benki, anauza dhamana zake kwa hofu, kesho yake gazeti linakanusha, na tofauti kwake ni faranga milioni moja. Dumas hakubuni yote. Miaka ya 1830 ndugu wawili wa Bordeaux, François na Joseph Blanc, walihonga watu wa telegrafu wawavushie habari za bei za Paris. Waliposhtakiwa, hapakuwa na sheria iliyokataza jambo hilo waziwazi. François baadaye ndiye aliyeistawisha kasino ya Monte Carlo.

Danglars katika riwaya anaishia mikononi mwa majambazi wanaomuuzia kuku mmoja kwa faranga 100,000. Katika anime anaachwa aelee angani peke yake, na dhahabu yake yote chomboni. Kuku ni bora.

Kama hujaitazama bado, ruka aya hii. Franz wa kitabu anaishi. Franz wa anime anakwenda kwenye pambano badala ya Albert, amevaa deraya, bila kumwambia, na harudi. Na Mwinyi wa kitabu anatweka tanga na binti aitwaye Haydée. Wa anime anakufa.

Château d'If ipo hadi leo, kisiwani mbele ya Marseille, na wageni huoneshwa chumba cha Dantès pamoja na tundu la kuendea kwa Faria, ingawa hakuna mfungwa aliyewahi kulichimba. Mgeni maarufu wa kwanza wa kisiwa hicho alikuwa faru kutoka India, ambaye mfalme wa Ureno alimtuma kwa Papa. Meli yake ilipumzika hapo mapema mwaka 1516, na Mfalme Francis wa Kwanza wa Ufaransa akaja kumtazama. Ngome ilijengwa miaka michache baadaye kwa amri ya mfalme huyohuyo. Faru hakufika Roma. Meli ilizama njiani, naye alikuwa amefungwa minyororo.