KARATA ZA MIHOGO

Ndugu wanachama,

Safari hii sitaandika juu ya mshahara wala likizo. Nitaandika juu ya mchezo wa karata. Msicheke kabla ya kufika mwisho, maana mchezo huu unahusu chungu cha kila mfanyakazi wa shambani.

Nilikuwa nimekwenda katika kambi ya shamba moja la miwa, mashariki mwa Uganda, kuonana na wajumbe wa tawi. Wajumbe walikuwa bado kazini, basi nikaombwa kungojea nyuma ya darasa la saba katika shule ya pale kambini. Mwalimu alikuwa akifundisha namna viumbe vinavyozaana pasipo dume na jike. Ubaoni aliandika: amiba hujigawa vipande viwili, hamira huchipua, mgomba hutoa machipukizi, viazi vitamu hupandwa kwa marando, muhogo kwa vijiti, na muwa kwa pingili. Mtoto mmoja akanyosha mkono akasema, "Mwalimu, pingili ni kazi ya mama." Darasa zima likacheka. Lakini mtoto alisema kweli. Wazazi wake wanafanya kazi ya somo hilo kila siku, kwa ujira.

Kisha mwalimu akatoa karata alizozikata kutoka katika maboksi ya sabuni.

MCHEZO WENYEWE

Kila karata ina alama tatu: jani jekundu au la kijani, shina refu au fupi, mzizi mweupe au wa njano. Watoto waligawanywa makundi mawili.

Kundi la Vijiti lilipewa karata moja. Kila mzunguko, kila karata inanakiliwa vilevile ilivyo. Moja ikawa mbili, mbili zikawa nne, na baada ya mizunguko minne walikuwa na karata 16.

Kundi la Mbegu lilipewa karata mbili zinazotofautiana kwa alama zote. Kila mzunguko hupata mtoto mmoja tu, na kwa kila alama wanarusha sarafu kujua inatoka kwa mzazi yupi. Baada ya mizunguko minne walikuwa na karata 6. Wenzao wakawazomea.

Ndipo mwalimu akachanganya karata sita za ugonjwa. Ya kwanza ilisema: "Shina refu linakufa." Vijiti wote walikuwa na shina fupi, wakapona, wakashangilia. Ya pili ilisema: "Jani jekundu linakufa." Karata zote 16 zikaanguka kwa mara moja. Mbegu walikuwa wamepoteza nyingi, lakini walibakiwa na mbili za kuanzia tena.

Mchezo wa pili ulinigusa zaidi. Vijiti walipewa karata yenye nukta ndogo nyuma, na kila anayenakili alitakiwa kunakili pande zote mbili. Mwisho mwalimu akasema, "Geuzeni." Kila karata ilikuwa na nukta. Nukta ile ni ugonjwa uliokuwa ndani ya mama. Ukikata kijiti kwa mama mgonjwa, umepanda ugonjwa kwa mkono wako mwenyewe.

NILIYOYAONA MIMI

Ndugu zangu, nilinyamaza kimya. Kwetu Teso, nilipokuwa mtoto, karibu kila shamba lilikuwa na muhogo wa aina moja, Ebwanateraka. Tuliupenda sana. Jirani alimpa jirani vijiti, na mjomba alimpelekea shemeji. Hatukujua kwamba tunagawiana karata moja.

Batobato kali ilianza kuonekana Uganda mwishoni mwa miaka ya 1980, ikashuka hadi kwetu katika miaka ya 1990. Majani yalijikunja na kuwa na mabaka ya njano, na mizizi ikawa kama vidole. Inzi weupe waliuchukua ugonjwa kutoka mmea hadi mmea, na sisi tuliuchukua kwa baiskeli, katika mafungu ya vijiti. Nyumbani hatukubakiwa na cha kula wala cha kuuza. Baba akaenda kukata miwa kwa ujira aliopewa bila kuuliza. Mimi niliishia darasa la saba. Ada ya shule ilikuwa katika muhogo ule.

Mwaka 1997 wataalamu walieleza kuwa kirusi cha janga lile kilikuwa kimechanganya sehemu za virusi viwili vya batobato. Yaani ugonjwa ulichanganya karata zake, nasi tulishikilia karata moja.

Watafiti wa Namulonge walitoa aina zinazostahimili batobato, zikiwemo zile ziitwazo Nase, na watu wakapata tena chakula. Lakini tangu 2004 ugonjwa mwingine, michirizi ya kahawia, ulienea Uganda na kuziangusha nyingi katika aina hizo. Kwa hiyo hakuna karata moja ya kuiamini milele.

Jambo hili si la Uganda peke yake, wala si la chakula tu. Ndizi tunayoiita bogoya ndiyo iliyouzwa nje kwa miaka mingi na makampuni yaliyokuwa na mashamba Amerika ya Kati. Mashamba yote yalikuwa ya machipukizi ya aina hiyo moja. Mnyauko uitwao ugonjwa wa Panama ukayaingia. Katika miaka ya 1930 huko Costa Rica, kampuni ya United Fruit iliyaacha mashamba ya pwani ya Atlantiki ikahamia upande wa Pasifiki. Mkataba wa mwaka 1934 kati ya serikali na kampuni ukakataza watu weusi kuajiriwa katika mashamba mapya ya huko. Wafanyakazi weusi waliolima Atlantiki wakaachwa bila kazi. Kampuni iliweza kuhama. Mfanyakazi alibaki na ardhi iliyougua.

KATIKA MKUTANO WA TAWI

Jioni ile niliazima karata za mwalimu, tukazicheza mkutanoni. Mzee mmoja mkata miwa alikataa kushindwa. Akasema, "Bwana, hakuna anayepanda muhogo kwa mbegu hapa kambini. Nipe vijiti, lakini nipe mama wanne tofauti." Tukampa. Kwa mizunguko miwili tu karata zake nne zikawa 16, na ugonjwa ulipokuja ulimwachia nusu. Tukampigia makofi. Alikuwa ametengeneza kanuni bora kuliko zile za ubaoni.

Tawi likaazimia hivi. Kila mwenye kiploti apande walau aina tatu za muhogo. Vijiti vikatwe kwa mmea uliokaguliwa majani na mizizi, na visikubaliwe kwa kuwa ni vya bure. Mmea wenye mabaka ung'olewe mapema. Nasi chama tumewaandikia wenye shamba kuomba kipande cha ardhi kwa ajili ya mapando safi, na tunangoja jibu.

Wapo watakaouliza: chama cha wafanyakazi kinahusikaje na mihogo? Kinahusika sana. Mwenye njaa hana miiko, na wala hana subira ya kukaa mezani kudai haki yake. Mwaka muhogo ulipokufa, baba yangu angesaini karatasi yoyote. Mfanyakazi mwenye chakula nyumbani anaweza kusema "hapana" na kungoja wiki moja zaidi.

Basi, ndugu, kateni maboksi, chorani alama, mcheze na watoto wenu. Na kabla hamjapokea fungu la vijiti kutoka kwa jirani, geuzeni karata mtazame nyuma.

Umoja ni nguvu.