Kuupanga Mwanga wa Mpanda

Chama cha msingi cha ushirika kinapokuita upige picha za viongozi wake wanane kwa ajili ya taarifa ya mwaka, jambo la kwanza la kukubaliana na katibu ni saa. Wapiga picha wengi hukwepa saa sita mchana. Mpanda saa ya kukwepa ni nyingine.

Saa za Tanzania hufuata mstari wa digrii 45 mashariki, unaopita karibu na Mogadishu. Mpanda iko kwenye digrii 31 hivi, na kila digrii moja jua huichukua kwa dakika 4. Ndiyo maana jua la utosi hutufikia hapa mkoani Katavi karibu na saa saba mchana, kama nusu saa baada ya Dar es Salaam. Faida yetu ni asubuhi ndefu: saa tatu jua bado liko chini, nao mwanga humfikia mtu usoni kwa mshazari. Likishapanda, paji la uso hutupa kivuli machoni, na mwenyekiti mpole akatoka pichani kama mtu mwenye hasira.

Ukipewa saa saba, mweke barazani, ndani kidogo ya ukingo wa kivuli, akitazama uwanjani. Kama uwanja ni wa udongo mwekundu, tandika shuka jeupe mbele yake. Bila hivyo wekundu wa ardhi utampanda kidevuni.

Ofisini shida ni mchanganyiko wa mianga. Balbu ya manjano ina joto la rangi la kelvini 2,700 hadi 3,200, flashi iko karibu na 5,500, na taa ndefu za dari mara nyingi zina ukijani. Kamera haiwezi kuzipatanisha zote kwenye shavu moja. Zima taa za dari, kisha tumia dirisha au flashi. Msogeze mtu mita mbili kutoka ukutani, hasa ukuta wa rangi ya kijani au buluu, maana ukuta nao humrudishia rangi yake.

Sasa tuje kwenye ngozi, ambako kazi nyingi huharibikia. Ngozi nyeusi huonyesha umbo lake kwa mng'ao: mstari wa taya, mfupa wa shavu, ubavu wa pua. Flashi tupu juu ya kamera huacha doa dogo jeupe kwenye paji na kuuacha uso uliobaki gizani. Wengi hapo huongeza nguvu, na doa huzidi. Dawa ni upana. Pitisha flashi kwenye mwavuli mweupe wa mita moja, uuweke upande mmoja, juu kidogo ya macho, mita moja tu kutoka usoni. Mng'ao utatandaa shavuni taratibu. Ukiusogeza hadi mita mbili, mwanga unaomfikia hubaki robo, nao hurudi kuwa mkali kwa sababu chanzo kimekuwa kidogo kikitazamwa kutoka usoni.

Usiiachie kamera ipime yenyewe. Kipimo chake hulenga wastani wa kijivu, hivyo shati jeupe huifanya ipunguze mwanga, na uso ukafifia. Filamu nayo ilikuwa na upofu wake: kwa miongo mingi maabara zilipima rangi kwa kadi za Kodak zilizoitwa Shirley, zenye sura ya mwanamke mweupe. Wewe pima shavu la mtu aliye mbele yako. Kama anavaa miwani, inua mwavuli mpaka taswira yake itoke kwenye vioo. Weka kitambaa safi cha kufutia jasho, na betri za akiba kwa siku umeme ukikatika.

Mwisho, funga kamba kwenye stendi ya mwavuli, uipime hadi kidevuni, na ubandike utepe wa gundi sakafuni penye miguu ya mtu na ya kamera. Andika vipimo vyote daftarini. Mhasibu akiajiriwa mwakani, picha yake itafanana na za wenzake wanane.

Mteja anayelipia picha hizo analipia kuaminika kwa watu wake. Kabla hujaongeza nguvu ya taa yako, ipanue na uisogeze karibu.