Mota Inapovuma Bila Kuzunguka

Msimu wa mavuno unapofika, mashine za kusaga nafaka na za kukamua alizeti wilayani Chemba hazipumziki. Ndipo hitilafu moja hujitokeza mara kwa mara: mota inavuma na kupata joto, lakini haizunguki. Foleni ya ndoo ni ndefu, nao wenye ndoo wana haraka, hivyo mwendeshaji huiwasha tena na tena. Kuiwasha huko ndiko kunakoiunguza.

Mashine hizo kwa kawaida hutumia umeme wa fezi tatu, wenye volti 400 kati ya fezi na fezi. Fezi moja ikikatika, kwa fyuzi kuungua au waya kulegea, mota haipati nguvu ya kuanza. Ikiwa ilikwisha kuzunguka, huendelea kwa fezi mbili zilizosalia, nazo hubeba mzigo wote hadi koili ziungue.

La kwanza ni kuzima swichi kuu na kuifunga kwa kufuli, ufunguo ukae mfukoni mwa anayeishughulikia mashine. Kumweka kijana ailinde swichi hakutoshi. Kijana huitwa, akaondoka. Baada ya hapo mkanda huondolewa na mota kuzungushwa kwa mkono. Ikigoma, yaelekea beringi zimekwama. Ikizunguka kwa wepesi, hukaguliwa kinu chenyewe, kisha umeme.

Kupima umeme ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EWURA, na mwenye mashine ana haki ya kuomba kuiona leseni hiyo. Testa ya bisibisi isiaminiwe hapa. Mota ikiwa bado imeunganishwa, umeme wa fezi nzima hupitia koili na kuufikia waya uliokatika, taa ya testa ikawaka kana kwamba fezi zote zipo. Fundi makini hupima kwa mita kati ya fezi na fezi, kabla ya fyuzi na baada yake. Tena, kabla ya kugusa waya wowote, huijaribu mita mahali penye umeme, huipeleka kwenye waya uliozimwa, kisha huirudisha pale pa kwanza. Kwa maana mita mbovu nayo husoma sifuri.

Fezi ikikosekana tangu kwenye mita ya TANESCO, taarifa ipelekwe kwa shirika hilo, na lakiri isikatwe. Fyuzi iliyoungua ibadilishwe kwa nyingine ya ampea zilezile, wala si kwa kipande cha waya wa shaba, ambacho hakitakatika hata mota ikishika moto.