Maembe ya Kuoka kwa Unga wa Mtama

Msimu wa maembe ukifika Bagamoyo, maembe mengi huoza chini ya miembe. Hiyo ni hasara. Embe bivu huupa mwili vitamini A, ambayo hulinda macho ya watoto wetu. Mwaka 1975 kampeni ya Chakula ni Uhai ilihimiza wananchi kula vizuri. Jambo hilo bado ni letu.

Tayarisha maembe 4 mabivu, kikombe 1 cha unga wa mtama usiokobolewa, nusu kikombe cha nazi iliyokunwa, iliki na chumvi kidogo. Usitie sukari. Embe lina utamu wake, na sukari nyingi huozesha meno.

Menya maembe, yakate vipande, yapange katika sufuria. Tia vijiko 2 vya maji. Kaanga unga bila mafuta mpaka unukie. Uchanganye na nazi, iliki na chumvi. Usikamue nazi. Mafuta yake husaidia mwili kuipokea vitamini A. Nyunyiza mchanganyiko huo juu ya maembe, kisha funika.

Weka makaa machache chini, na mengi juu ya mfuniko. Baada ya nusu saa hivi, ondoa makaa ya juu, pangusa majivu, ndipo ufunue. Unga ukiwa na rangi ya kahawia, chakula kimeiva.

Wape watoto kwanza.