Filamu za kuchorwa za Japani: umri ulioandikwa mlangoni haufiki kwetu

Ukifungua kaye ya mtoto wa kalasi ya tano ao ya sita kwa upande wa nyuma, pale ambapo hesabu zimeishia, mara nyingi utakuta amechora kijana mwenye kovu kwenye paji la uso, nguo ya miraba ya kijani na nyeusi, na upanga mkononi. Sisi walimu tunamwona huyo kijana karibu kila siku. Anaitwa Tanjiro. Mwulize mtoto, atakueleza yote bila kupumua: kwamba alikuwa muuza makala mlimani, kwamba siku moja alirudi nyumbani akakuta mama yake na wadogo zake wameuawa na zimwi, kwamba alibaki na mdogo mmoja tu wa kike, naye amegeuka zimwi, na sasa anambeba mgongoni ndani ya sanduku akitafuta dawa ya kumrudisha kuwa mtu. Watoto wanaiita Demon Slayer, na wanaifuata kwa Kifaransa. Tuseme ukweli, Kifaransa cha watoto wengine kinatoka huko kuliko kwetu sisi walimu wao.

Mama akisikia habari hiyo, anajibu: ni katuni tu, acha aangalie. Neno hilo, katuni tu, ndilo tunataka kuongea juu yake juma hili.

Kwa Wajapani, kuchora ni njia moja ya kutengeneza filamu, sawasawa na vile wengine wanavyotumia kamera na waigizaji. Haisemi filamu ni ya nani. Ziko za watoto wadogo, ziko za vijana, ziko za watu wazima wanaotoka kazini jioni, na zote zimechorwa. Kila mwaka karibu na mwezi wa tatu, wakati mwaka wa masomo wa huko unapoisha, inatoka filamu mpya ya Doraemon, yule paka wa bluu wa mashine. Desturi hiyo imeendelea karibu kila mwaka tangu 1980, na wazazi wanajua kwamba pale wanaweza kwenda na mdogo kabisa. Lakini katika jengo lilelile la sinema, kwenye chumba cha pili, inaonyeshwa filamu nyingine ya kuchorwa ambayo hawawezi kumpeleka.

Wanazitofautisha namna gani? Huko kuna shirika linaloitwa Eirin, ambalo linaangalia filamu mbele haijaonyeshwa kwa watu, kisha linaipa alama. G ni ya watu wote. R15+ haingizwi mtoto ambaye hajafika miaka 15, na R18+ vilevile kwa 18. Alama ambayo inatuhusu zaidi ni PG12. Hiyo haimfungii mtoto mlango. Inasema kwamba mtoto wa chini ya miaka 12 anaweza kuingia, ila mzazi ajue kwanza filamu inaonyesha nini, amshauri. Kwa hiyo kazi yenyewe wameiacha kwa mzazi, na alama inamkumbusha tu.

Sasa tuangalie filamu zenyewe. Tarehe 16 Oktoba 2020 ilitoka sinemani sehemu ya safari ya Tanjiro iliyoitwa kwa Kifaransa Le Train de l'infini. Mbele yake, filamu iliyokuwa imeingiza pesa nyingi kuliko zote Japani ilikuwa Le Voyage de Chihiro ya mwaka 2001, na ilikaa na cheo hicho karibu miaka 20. Treni ya Tanjiro iliipita katika miezi michache, katikati ya Covid, ikafika zaidi ya yeni miliari 40. Japani waliipa PG12. Marekani waliipa R, maana yake aliye chini ya miaka 17 haingii bila mzazi ao mlezi.

Mama atakayekaa kuangalia dakika kumi za kwanza hataona ubaya. Inaanza kwa utulivu, mume na mke wakitembea kati ya makaburi. Shida inakuja baadaye. Zimwi la ndani ya treni linawalaza abiria na kuwapa ndoto tamu. Tanjiro anaota yuko nyumbani, mama yake yuko hai, wadogo zake wanacheza kwenye theluji. Anapotambua kwamba ni ndoto, anaelewa kwamba njia ya kuamka ni kujiua mle ndani ya ndoto, naye anajikata shingo. Halafu zimwi linamlaza tena na tena, naye anarudia tendo lile. Kijana wa miaka 16 ataelewa ni mfano, kwamba Tanjiro anakataa uongo mtamu. Mtoto wa miaka saba anaona kitu kimoja: shujaa wake ameweka upanga shingoni, na matokeo yake yalikuwa mazuri.

Hatusemi filamu ni mbaya. Kuna mle ndani mama mmoja, mgonjwa, aliyemfundisha mtoto wake kwamba aliyezaliwa na nguvu alipewa ili asaidie wadhaifu. Mtoto huyo akawa mpiganaji mkubwa, na anapokufa mwishoni anamwona mama yake amesimama pale, na jambo moja tu analotaka kujua ni kama amefanya vema. Wanafunzi wakubwa wa sekondari wanalia hapo, na sisi tunawaelewa.

Tarehe 18 Julai 2025 ikatoka nyingine, La Forteresse infinie, ya kwanza kati ya tatu zitakazomaliza hadithi hiyo. Hata hii ni PG12 Japani na R Marekani. Inachukua zaidi ya saa mbili na nusu, na sehemu kubwa ni mapigano na damu. Lakini damu siyo tunayoiogopa zaidi. Ndani yake tunaelezwa maisha ya adui mmoja mbele hajawa zimwi. Alikuwa mtoto maskini aliyeiba ili anunue dawa za baba yake mgonjwa. Alikamatwa mara nyingi, akapigwa, akachorwa alama za mwizi kwenye mikono. Baba, akiona mtoto anaharibika kwa ajili yake, anajinyonga. Mama mwenye mgonjwa nyumbani, na mtoto anayeona jinsi pesa ya dawa inavyotafutwa, afikirie vizuri nani atakuwa kando ya mtoto huyo wakati sehemu hiyo inapita.

Mwezi wa tisa wa mwaka huohuo 2025 ikafuata filamu ya Chainsaw Man, habari za kijana ambaye misumeno ya mashine inatoka kichwani na mikononi mwake. Hapo hatuzunguki: si ya watoto. Ina damu nyingi, ina mambo ya mwili, na msichana anayempenda kijana huyo ametumwa kumuua. Nayo ilipewa PG12 kwao, R kule Marekani. Lakini ukiona picha yake kwenye flashi, ni picha ya rangi nzuri ya kijana na msichana, huwezi kuitofautisha na ile ya Doraemon.

Na hapo ndipo tofauti yetu na Wajapani. Huko mtoto anakuta filamu mlangoni mwa sinema, tiketi inanunuliwa, alama imebandikwa, mama yuko kando. Kwetu sinema za namna hiyo ni chache. Filamu inafika kwa telefone ya kaka, kwa flashi ya jirani, ao kwenye nyumba ya video ya kartie ambako mwenye chumba anaangalia noti ya franka, haangalii umri. Filamu imefika yote, ila alama imebaki Japani. Kwenye chaneli za Ufaransa utaona bado namba ndogo kwenye kona ya televizyo, -10, -12 ao -16. Wamama wengi wanafikiri ni alama ya chaneli. Ni umri: mtoto wa chini ya namba hiyo haifai aangalie. Kwenye flashi hata namba hiyo haipo.

Tusiogope hata hivyo kila kitu kinachotoka huko. Ziko mbili za miaka hii ambazo tungependa mama aziangalie yeye mwenyewe, hata bila mtoto, kwa sababu zinaongea juu ya nyumba zetu.

Ya kwanza ni Suzume, ya mtengenezaji Makoto Shinkai, iliyotoka Novemba 2022. Suzume ni msichana wa miaka 17. Mama yake, muuguzi, alikufa katika msiba wa tarehe 11 Machi 2011, wakati tetemeko na mawimbi ya bahari yalipoua zaidi ya watu 15,000 upande wa kaskazini-mashariki wa Japani. Amelelewa na dada ya mama yake. Ilipotoka, watengenezaji waliweka tangazo kwa watazamaji: ndani mna matetemeko, na mna mlio unaofanana na ule wa telefone zinapoonya watu kwamba ardhi itatikisika. Waliwafikiria wale ambao mlio huo unawarudisha siku ile. Mama wa Goma aliyekimbia na watoto Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka na ardhi ikaendelea kutetemeka siku kwa siku, hahitaji kuelezwa kwa nini tangazo hilo lilikuwa la lazima. Kama mtoto wako anashtuka mpaka leo gari kubwa likipita, mwambie mbele ya kuanza kwamba ardhi itatikisika katika hadithi.

Lakini sehemu ambayo tuliirudia ni nyingine. Katikati ya safari, kwenye uwanja wa kuegesha magari, yule mama mdogo anashindwa kujizuia. Anamtupia Suzume maneno aliyoyafungia miaka yote: kwamba kumlea kulimla ujana wake, kwamba hakupata kuolewa, kwamba amechoka. Suzume anasikia yote. Baadaye, wakiwa juu ya baiskeli, mama mdogo anakubali kwamba mawazo hayo alikuwa nayo kweli, ila siyo peke yake yaliyokuwa moyoni. Ni mama wangapi kati yetu wanalea watoto wa dada, wa shangazi, watoto waliobaki baada ya vita, na hawajapata mtu wa kumwambia neno hilo? Filamu inamwacha mama aseme, haimhukumu.

Ya pili ni Le Garçon et le Héron, ya mzee Hayao Miyazaki, aliyezaliwa mwaka 1941. Ilitoka tarehe 14 Julai 2023 bila matangazo ya filamu, picha moja tu ya ndege ikabandikwa, na watu wakajaa. Mwaka 2024 ikapewa tuzo ya Oscar. Mvulana Mahito anampoteza mama yake wakati wa vita, hospitali ikiungua. Baba anaoa mdogo wa mama huyo, wanahamia kijijini, na mke mpya tayari ana mimba. Kwetu tunajua hali hiyo bila kuelezwa. Mahito ana adabu, anajibu vizuri, lakini neno mama halitoki mdomoni mwake. Siku moja, baada ya kupigana na wanafunzi wenzake, anachukua jiwe na kujipiga kichwani mpaka damu inamwagika, na baba anaamini ni wengine waliomwumiza. Kwenye masomo tunakutana na vidonda ambavyo mtoto anasema alianguka. Filamu haimwelezi mama kwa nini Mahito alifanya vile. Inamwacha aangalie uso wa mtoto mwenyewe. Japani waliipa G, ya watu wote, na hapa hatukubaliani nao: kwa mtoto wa chini ya miaka 12 tungekaa naye.

Namna gani basi, pale nyumbani? Mwombe mtoto jina la filamu, siyo hadithi yake, kwa sababu hadithi ataikata anavyotaka. Andika jina hilo kwenye intaneti pamoja na neno PG12 ao na swali la umri kwa Kifaransa, utapata jibu mara nyingi. Kwa nyumba ya video, wamama wa kartie moja wakienda wawili watatu kumwona mwenye chumba, anasikiliza kuliko akienda mmoja. Na usiamini jina la mtengenezaji peke yake. Tarehe 16 Aprili 1988, sinema za Japani zilionyesha filamu mbili kwa siku moja, za kampuni moja. Moja, Le Tombeau des lucioles, ni ya kaka na dada mdogo katika vita vya 1945: mama yao anaungua katika mabomu ya Kobe, nao wanakufa kwa njaa mmoja baada ya mwingine. Mama aliyepita kwenye kambi ya wakimbizi afikirie mara mbili, hata kwa ajili yake mwenyewe.

Ya pili ni Mon voisin Totoro, ya Miyazaki tena, ambaye mama yake alilala mgonjwa wa kifua kikuu cha uti wa mgongo kwa miaka mingi. Ndani yake wasichana wawili wanangoja mama yao atoke hospitali, na mdogo anabeba hindi moja mkononi ili ampelekee apone. Hakuna zimwi, hakuna upanga, na mama hafi. Ni dakika 86 tu. Umeme ukikubali, inaisha mbele ya watoto kulala.