Peptidi Elekezi: Istilahi Moja na Mwenendo wa Protini za Virusi

Miongoni mwa majina yanayomtaabisha mfasiri wa maandishi ya elimuviumbe ni lile la kipande kifupi kinachotangulia mwanzoni mwa protini nyingi zinazosafirishwa katika seli. Mara mtu anapojaribu kulitafsiri, majina matatu humjia: peptidi ya ishara, peptidi kiongozi na peptidi elekezi. Katika makala haya tunakusudia kueleza kazi ya kipande hicho, hasa katika protini za virusi, kisha tulipime kila jina kwa mizani ya kazi hiyo. Sisi tunaoshughulikia istilahi tumejifunza kuwa neno haliwezi kuchaguliwa vema kabla kitu chenyewe hakijafahamika.

Seli si mfuko mtupu. Ndani yake mna vyumba vilivyotengwa kwa tando, na kila chumba kina protini zake. Protini hutengenezwa na ribosomu kwa kuunga asidi amino moja baada ya nyingine, mithili ya shanga katika uzi. Je, protini inayopaswa kutoka nje ya seli, au kukaa juu ya utando wake, huijuaje njia? Mwaka 1971 Günter Blobel na David Sabatini, waliokuwa wakifanya kazi New York, walitoa rai kwamba protini hubeba maelekezo ya safari ndani ya umbo lake yenyewe. Mwaka 1975 Blobel na Bernhard Dobberstein waliikamilisha rai hiyo kwa majaribio, na mwaka 1999 Blobel alitunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Tiba kwa ugunduzi huo.

Maelekezo yenyewe ni mfuatano wa asidi amino zipatazo 15 hadi 30, na sehemu yake ya kati ina tabia ya kuyakimbia maji. Mara mfuatano huo unapochomoza katika ribosomu, hushikwa na chembe tambuzi, ambayo imeundwa kwa protini sita na uzi mmoja wa RNA. Chembe hiyo hupunguza kasi ya utengenezaji na kuipeleka ribosomu kwenye wavu wa endoplazimu, yaani tando zilizokunjamana karibu na kiini. Hapo pana mlango, na protini huingizwa humo huku ikiendelea kuungwa. Kisha kimeng'enya maalumu hukikata kipande kilichotangulia, na aghalabu kipande hicho huvunjwavunjwa kikaisha.

Mtu anaweza kukifananisha kipande hiki na karatasi inayobandikwa juu ya mzigo unaotumwa kwa basi toka Dar es Salaam kwenda Songea: ukifika, karatasi hubanduliwa na kutupwa. Mfano huu unasaidia, lakini una kasoro mbili. Kwanza, karatasi hii husomwa mzigo ungali ukifungwa. Pili, si kila mara hutupwa, na hapo ndipo virusi vinapotufunza jambo.

Tuangalie virusi vya homa ya Lassa, vilivyotambuliwa mwaka 1969 na kupewa jina la mji wa Lassa, kaskazini mashariki mwa Nijeria. Hubebwa na panya aina ya Mastomys natalensis, ambaye hata mashamba ya Morogoro anayo; kwa hakika jamaa wa virusi hivyo, waitwao virusi vya Morogoro, walielezwa mwaka 2009 kutokana na panya wa huko, ingawa hawajulikani kuwaletea watu ugonjwa. Virusi havina ribosomu zao. Hutumia za seli viliyoivamia, na kwa hiyo protini zao hazina budi kufuata njia za mwenyeji wao.

Protini ya juu ya virusi vya Lassa hutanguliwa na peptidi yenye asidi amino 58, ambayo ni ndefu kuliko kawaida. Huelekeza protini kwenye wavu wa endoplazimu kama nyingine zote, na hukatwa kama nyingine zote. Lakini ikishakatwa haivunjwi. Hubaki ndani ya utando, ikashikamana na protini ileile iliyoitangulia. Pasipo peptidi hiyo, protini haikatwi sawasawa katika vipande vyake viwili wala haifiki vema juu ya seli. Tena virusi vinapoingia katika seli mpya, peptidi hiyo hushiriki katika kuunganisha utando wa virusi na utando wa seli pale uchachu unapozidi. Kilichodhaniwa kuwa takataka ni kiungo cha kudumu.

Mfano wa pili ni wa sitomegalovirusi ya binadamu. Protini yake moja, iitwayo UL40, ina peptidi ambayo ndani yake mna asidi amino 9 zinazolingana na zile za peptidi za protini fulani za mwili wetu. Kipande hicho hupandishwa juu ya seli na kuonyeshwa kwa seli za kinga ziitwazo wauaji wa asili. Seli hizo hukisoma na kudhani mambo ni shwari, zikaipita seli iliyougua bila ya kuidhuru. Hapa peptidi imegeuka hati ya kughushi.

Sasa turejee kwenye majina. 'Peptidi ya ishara' ni tafsiri iliyo karibu na jina la kigeni, lakini katika maandishi ya tiba neno ishara lina kazi tayari: hutajwa pamoja na dalili za ugonjwa. Msomaji akikuta 'ishara ya virusi vya Lassa', atafikiri homa na maumivu ya koo. Katika maandishi ya afya, utata wa namna hii si jambo la kupuuzwa. 'Peptidi kiongozi' nayo inaleta mgogoro wa upatanisho, kwani kiongozi huchukua viambishi vya watu. Mwandishi mmoja ataandika 'anaongoza' na mwingine 'inaongoza'. Aidha peptidi hii haiendi yenyewe, bali hushikwa na kupelekwa.

'Elekezi' imetokana na kitenzi elekeza, na umbo lake si geni, kwani wananchi wamekwisha kuzoea kusema 'bei elekezi'. Lataja kazi ambayo peptidi zote za aina hii huifanya, iwe zitakatwa, zitabaki au zitageuzwa kazi nyingine. Latuzalia pia majina ya jirani: mfuatano elekezi, na kimeng'enya cha kukatia peptidi elekezi. Ile ya Lassa yaweza kuitwa peptidi elekezi dumishi. Lau tungaliita kundi zima 'peptidi ya muda', kama wengine wanavyoweza kushawishika kufanya, virusi vya Lassa vingalitusuta.

Tunapendekeza basi peptidi elekezi. Fundisho lililo kubwa kuliko neno lenyewe ni hili: istilahi itaje lile lililothibitika kwa wote, na mengine yaachiwe sentensi. Walimu wa elimuviumbe na madaktari ndio watakaolitia neno hili majaribuni. Likiwakwaza darasani au wodini, watuandikie, nasi tutalipima upya.